Fainali Katika Ua wa Verna Dombrowski

Jumapili ya mwisho ya Desemba, baada ya kurudi kanisani, Verna Dombrowski alifungua kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa katika ua wa nyuma, akaikunja na kuitundika gerejini. Mwaka uliotangulia kamba hiyo ilimnasa shingoni mchezaji mmoja wa timu ngeni aliyekuwa akikimbilia mpira, na ingawa mtu huyo alikuwa amekwisha kufariki zamani, Verna hakupenda mgeni aumie nyumbani kwake. Kisha alimwaga majivu kwenye ngazi za mlango wa jikoni ili watu wasiteleze, akaingia ndani kumfunga mumewe vifungo vya sweta.

Saa saba mchana, kama ilivyokuwa kila mwaka tangu Orville alipostaafu kiwandani, fainali ya mwaka 1962 ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, ilirudi kuchezwa katika ua ule. Uwanja mzima wa yadi mia, pamoja na milingoti yake ya goli, ulienea baina ya gereji na uzio wa akina Lundquist, mahali pasipotosha kuegesha malori mawili, wala hapakuwa na msongamano. Theluji ya siku ile ya zamani ilianguka juu ya ua huo peke yake. Ng'ambo ya uzio palikuwa pakavu. Majirani walikuja na viti vya kukunja na mablanketi. Bwana Lundquist, aliyekuwa akifundisha hesabu katika shule ya sekondari, alileta sufuria kubwa la buya, ule mchuzi mzito wa kuku na nyama ya ng'ombe, alioukoroga kwa kasia tangu alfajiri. Watu walikula, wakawasahihisha waamuzi, na wakataniana kuhusu nani alikuwa bado hajazaliwa wakati huo.

Mji ule haukuwa na fahari nyingine. Timu ilikuwa imekwisha kuhamia jiji kubwa, na kiwanda cha karatasi kilikuwa kimefungwa. Lilibaki bango la barabarani lililoandikwa Mji wa Mabingwa, ambalo halmashauri hulipaka rangi upya kila majira ya kuchipua.

Orville alikuwa mchezaji wa safu ya mbele. Kazi yake haikuwa kuushika mpira, bali kutangulia kwa kichwa na mabega na kuwapasua wapinzani ili mwenzake mwenye mpira apate njia. Nusu ya kwanza ya mchezo aliitazama dirishani akiwa mzee. Nusu ya pili ilipoanza, aliinuka, akapita mlango wa jikoni na ndara zake miguuni, na unyayo wake ulipogusa theluji alikuwa kijana mwenye jezi na helmeti. Hakuna aliyepata kumwona akivaa. Jua lilipokaribia kuzama alirudi mzee kama alivyotoka, isipokuwa kila mwaka aliacha kitu huko nje. Mwaka mmoja aliacha njia ya kwenda kanisani. Mwaka mwingine aliacha tofauti ya kisu na uma. Mwaka uliopita aliacha jina la Corinne, binti yao wa pekee, ambaye alipokuja Pasaka alijitambulisha mlangoni na kukaribishwa na baba yake kwa adabu nyingi.

Jina la Verna alikuwa bado analo. Asubuhi hiyo alilitaja mara mbili, akiulizia soksi.

Verna alijua mahali hasa ambapo vitu hivyo vilipotea. Katika robo ya tatu, goti la mpinzani lilimpiga Orville kichwani, naye akaanguka kifudifudi. Daktari wa timu alikuja, akachuchumaa mbele yake, akainua vidole na kumuuliza ni vingapi. Mchezaji akikosea, hutolewa nje. Orville hakuviona vile vidole. Lakini baina ya wachezaji ilikuwapo hisani yao wenyewe: rafiki hupiga magoti nyuma ya aliyeumia, kana kwamba anamtegemeza, akamgonga mgongoni kwa idadi ya vidole. Aliyemgonga Orville alikuwa Gordy Delvaux, msimamizi wake wa ndoa. Daktari aliuona mkono ule kila mwaka, na kila mwaka aliyainua macho kutazama mawingu, kwa sababu kocha alikuwa amesimama nyuma yake.

Gordy mwenyewe, sasa mjane mwenye fimbo, alikuwa ameketi jikoni akinywa kahawa.

"Shemeji," alisema Verna, "mwaka huu usimgonge."

"Si mimi, Verna. Ni yule kijana huko nje."

"Na yule kijana ni nani?"

Gordy alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari. "Kichwa ngumu yule," alisema. "Hata mama yake alishindwa naye."

"Basi nenda wewe."

Verna alikwenda pia kuwaeleza majirani, akizunguka kiti kwa kiti huku akiwagawia bakuli. Aliwaambia kwamba limebaki jina moja tu, na kwamba Orville akitolewa mapema huenda akarudi nalo. Wote walimwelewa. Bibi Lundquist alimshika mkono akalia. Mumewe aliuliza kwa upole, kwa kutaka tu kujua, kama timu ingeshinda bila ya Orville. Verna alijibu kwamba hajui. Bwana Lundquist akasema kwamba mtu ni bora kuliko mchezo, na waliokuwa karibu waliitikia kwa vichwa.

Goti lilipiga kama kawaida yake. Gordy aliteremka ngazi za majivu, akaingia katika theluji na fimbo yake. Gordy kijana alikuwa amekwisha kupiga magoti nyuma ya Orville, lakini alipomwona mzee anakuja aliinuka na kumpisha, kama apishwavyo mtu mzima kwenye benchi. Mzee aliteremka taratibu, goti moja kisha la pili, akamkumbatia rafiki yake ubavuni ili asianguke. Mkono wa pili aliutia mfukoni.

Daktari aliinua vidole viwili.

Orville alitazama mbele. Mchirizi mwembamba wa damu ulimtoka puani. Daktari aliyainua macho mawinguni, akangoja, akayateremsha tena; hakuzoea kungoja. Kocha alikohoa. Wachezaji wa pande zote mbili walisimama, na mvuke wa pumzi zao ulikwenda juu moja kwa moja.

"Orv," alisema Bwana Lundquist kutoka kitini, kwa sauti ileile aliyowasaidia nayo wanafunzi waliokwama ubaoni. "Viwili, ndugu yangu. Sema viwili."

"Viwili, Orv," alisema mkewe, na machozi yalikuwa hayajamkauka.

Kisha walisema wengine, kila mtu taratibu, kwa huruma, maana walimpenda, na haikuwezekana kumwona ametatizika hivyo bila ya kumsaidia.

"Viwili," alisema Orville.

Daktari alimpigapiga helmeti. Gordy alibaki amepiga magoti hata baada ya mchezo kuendelea, na wachezaji wakawa wanamzunguka.

Katika sekunde za mwisho, mpira ukiwa yadi moja kutoka mstari wa goli, Orville alitangulia kwa kichwa, njia ikafunguka, na mji ukawa bingwa. Watu waliinuka, wakakumbatiana na kumkumbatia Verna. Wengine walimwomba radhi masikioni, na wengine walimpongeza.

Jua lilipokaribia kuzama Orville aliingia jikoni na sweta yake, akipangusa ndara kwenye zulia la mlangoni kwa uangalifu mkubwa, kama afanyavyo mtu katika nyumba ya watu.

"Samahani, mama," alisema. "Namtafuta mke wangu. Aliniambia nimkute hapa."

"Anaitwa nani?"

Alitabasamu kwa haya, akagusa midomo yake, akaingoja iseme. Verna alingoja naye. Kisha alivuta kiti.

"Kaa ule kwanza," alisema. "Atakuja."

Alimjazia bakuli, akamkatia mkate, akampa kijiko. Bwana Lundquist alibisha hodi, sufuria tupu mkononi, akauliza kama mwakani anaweza kuazima mabenchi ya kanisa ayalete uani, kwani safari hii akina mama wengine walitazama wamesimama. Verna alimwambia ayalete, ila ayapange upande wa uzio, yasizibe mlango, kwa sababu Orville hupita hapo.