Presha ya Muuza Vitamini

Lori lilikuwa limeshaiacha Kikorongo, mimi juu ya mifuko ya saruji, mashine ya kupima presha nimeifunga ndani ya koti. Naenda Bwera, mpakani na Kongo, kumharibia Hilaire soko lake la vitamini.

Dada yangu Vasta alikuwa amelala Kasese, mkono na mguu wa kulia vimekufa. Hilaire alimwuzia vitamini za kushusha homosisteini, kitu cha kwenye damu ambacho kikizidi huumiza mishipa. Karatasi ya maabara ikaonyesha imeshuka kweli, kutoka ishirini na mbili hadi tisa. Basi Hilaire akamwambia kiharusi hakitamgusa tena, atupe vidonge vya presha. Akatupa, kiharusi kikampiga. Docus, muuguzi aliyeniazima mashine, alinieleza kwamba vitamini zilifanya kazi yake, ila presha hazikuigusa.

Sokoni Bwera nilikaa mbele ya meza ya Hilaire, nikatangaza napima bure. Nilitaka kupima wateja wake wote na kusoma namba kwa sauti. Wa kwanza, mama mmoja anaitwa Erina, alininyima mkono.

"Mzee, anza na mwenye dawa. Kama yeye iko mugonjwa, sisi watu wa presha tunakula nini?"

Watu wakacheka. Hilaire naye akacheka, akakunja shati, akasema anameza zake asubuhi na jioni, damu yake ni maji ya mlimani.

Mashine ikavimba, ikapumua. Juu mia mbili na kumi, chini mia moja thelathini. Kioo kilikuwa upande wangu. Nikiitaja namba ile, biashara yake imekwisha, lakini mwenyewe atakimbilia hospitali na kupona. Nikamkumbuka Vasta akilishwa uji, unamtoka shavuni.

"Papa, inasema nini?" Hilaire akauliza.

"Iko muzuri," nikamwambia. "Endelea hivyo hivyo, mutoto yangu."

Erina akanunua makopo mawili. Nilimwona. Nikakunja mashine yangu.

Hilaire alianguka wiki ya tatu, akioga. Yuko hai, hasemi. Erina aliacha vidonge vyake vya presha, akazikwa Januari. Vasta anatembea kwa fimbo. Docus alipokea mashine yake. Mimi niko Ibanda, napalilia kahawa ya watu, Bwera sikanyagi tena.