Bia ya Patron

Watu wakisikia kwamba wakati wa vita sisi tulikaa katika loji ya wazungu, tukalala kwenye vitanda vyenye vyandarua vyeupe, tukanywa chai kwenye veranda inayotazama mbuga, wananiambia, "Aa, Mama Éliézer, weye ulikuwa na bahati." Bahati! Bahati gani hiyo? Heri ningelala chini kwenye matope, siafu wakaniuma usiku kucha, leo ningekuwa na mwanangu.

Mimi ni mwalimu. Nimefundisha watoto wa misheni pale Kamina miaka mingi, na Kiswahili cha vitabu ninakijua. Lakini msiniombe nisimulie haya kwa upole. Upole ulikwisha.

Mume wangu, Zébédée, alikuwa karani wa loji hiyo. Iko upande wa njia ya Kaniama, ndani kabisa ya pori, nyumba ndogo za mawe zilizoezekwa kwa nyasi. Wazungu walikuja huko kuwinda nyati na swala. Jioni walikunywa na kupiga kelele, naye Zébédée aliandika vinywaji vyao huku akinywa chai. Sisi ni Wamethodisti. Baba yake alikuwa mchungaji, yeye mwenyewe alihubiri Jumapili, na pombe hajaionja hata kwa ncha ya ulimi. Wenzake kazini walimcheka mpaka wakachoka.

Mwaka ule wa 1997, vita vilipokaribia Kamina, Patron, mzungu mwenye loji, alipanda ndege yake ndogo akamwachia Zébédée funguo. "Angalia nyumba," alimwambia, basi. Mume wangu akaja mjini kwa baiskeli kutuchukua, mimi na Éliézer. Éliézer ndiye mtoto niliyebaki naye, wengine niliwazika wangali wachanga. Alikuwa amemaliza sekondari, kijana mrefu, mabega mapana, miguu ya kutembea kutwa. Na hapo ndipo ilipokuwa hofu yangu. Askari waliokimbia vita walikuwa wanakamata vijana njiani, wawabebee mizigo, wawaonyeshe njia. Waliochukuliwa hivyo hatukuwaona tena. Kwa hiyo mimi sikwenda loji kwa ajili ya vyandarua. Nilikwenda kumficha mtoto.

Siku za kwanza, nisiseme uongo, zilikuwa tamu. Asubuhi swala walikuja mpaka karibu na jiko. Éliézer alikalia kiti cha Patron, miguu juu ya ukingo wa veranda, akasoma magazeti ya zamani yenye picha za theluji. Mwenze, mpishi wa loji, Mkatoliki wa kijiji cha jirani, alimwendea na kitambaa mkononi, akainama: "Monsieur atakunywa kafe ao chai?" Kahawa yenyewe haikuwepo! Kijana wangu alicheka mpaka machozi. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani za wageni, na kila wiki Zébédée alinitandikisha vitanda vyote, shuka zikanyooshwa, mito ikasimamishwa. "Patron akirudi akute kazi imefanyika," alisema. Patron alikuwa Ulaya anakula siagi.

Na stoo ilikuwa imejaa bia. Lori lilikuwa limeleta kreti nyingi kabla ya vita, kwa ajili ya wawindaji wa kiangazi, zikapangwa mpaka karibu na dari.

Siku moja akapita mchuuzi wa samaki wakavu, ametoka Bukama, akisukuma baiskeli. Alitusimulia askari walivyolewa katika kijiji kimoja, na walichofanya baada ya kulewa. Alisimulia akitazama chini, kwa sababu nilikuwepo. Zébédée hakugusa chakula siku hiyo. Kesho yake asubuhi alivua koti, akakunja mikono ya shati.

"Bia tunaimwanga chini yote," akasema.

Mwenze alishika kichwa kana kwamba amefiwa. "Karani, weye uko muntu ya Mungu, lakini iyi bia iko ya Patron! Acha tuifiche mu majani. Hata kreti moja tu!"

"Mulevi mwenye bunduki haiko muntu tena, Mwenze."

Mimi nilimwambia, "Baba Éliézer, heri nusu shari kuliko shari kamili. Wakija, wape wanywe. Watalala, wataamka, watakwenda zao."

"Na kabla ya kulala?" akaniuliza. "Kabla ya kulala watafanya nini, wakimwona Éliézer?"

Nikakunja mikono ya gauni, nikamfuata stoo. Alikuwa anampenda yule mtoto kuliko pumzi yake. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, kwamba alifanya kwa mapenzi. Angefanya kwa ubaya ningemchukia nikapumzika.

Tulimwaga kutwa nzima, yeye, mimi na Éliézer. Mwenze alikataa, akakaa jikoni anaombea roho za chupa. Ardhi nyuma ya stoo ililoa, nyuki wakaja, harufu ikatupanda kichwani mpaka Éliézer akasema, "Mama, leo tumelewa bila dhambi." Na sasa sikilizeni upumbavu wenyewe. Mtu mwingine angetupa chupa zile mtoni, angezivunja, angezifukia. Zébédée karani? Wapi! Chupa ni mali ya kiwanda, lazima zirudi. Akazirudisha zote kwenye kreti, moja moja, zimesimama wima, kreti juu ya kreti, safi, kama zilivyokuwa. Akafunga stoo akatia funguo mfukoni, uso wake umetulia.

Askari walifika siku chache baadaye, mchana wa jua kali. Lori lao lilikuwa limekufa barabarani. Mwenze aliwaona mbali akapiga mluzi, na Éliézer akapanda kwenye dari ya nyumba ya mwisho, akajilaza ndani ya nyasi za paa. Sisi watatu tukasimama kwenye veranda. Wa upande gani, sikujua, wala sikuuliza. Walikuwa wachafu, midomo imepasuka kwa kiu, na mkubwa wao alitusemesha Kiswahili kilichochanganywa na Kilingala.

"Masanga iko wapi? Hapa kwa bazungu vinywaji havikosi!"

Wakavunja mlango wa stoo. Nikasikia wanapiga vifijo, kama watoto walioona lori la zawadi. Kisha chupa zinagongana, kreti zinaangushwa. Mmoja akatoka na chupa tupu, akampa mkubwa. Mkubwa akainusa.

"Iyi haina siku mingi," akasema. "Banani balikunywa yote?"

Mwenze, Mungu amrehemu, akapiga kifua. "Minyi, Chef. Minyi na kiu yangu."

Askari wakacheka. Ee, walicheka kabisa, mmoja akakaa chini. Mtu anayekucheka hajakukusudia kifo. Nikasema moyoni, Mwenze, watakatifu wako wote wakubariki, ongeza, sema na jana uliongeza nyingine!

Ndipo mume wangu akafungua kinywa.

"Chef, huyu anasema bongo, haiko kweli. Hapana muntu alikunywa. Tuliimwanga chini. Minyi njo nilisema baimwange."

Yoo, mama yangu! Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mimi sikumtaka mpenzi wa Mungu siku ile, nilimtaka baba wa mwanangu.

Mkubwa akaipindua ile chupa tupu. "Muliimwanga."

"Ndiyo, Chef."

"Bia."

"Ndiyo, Chef."

"Muzee, tangu unazaliwa mu iyi inchi, ulishaona muntu anamwanga bia?"

Na mnajua nini? Alikuwa na haki! Niambieni mtu mmoja, kutoka Luena mpaka Kaniama, ambaye angeyasadiki maneno yale. Mkubwa akaingia nyumba moja, akaingia ya pili, akaona vitanda vimetandikwa, shuka zimenyooshwa. Akarudi stoo akatazama kreti zilizobaki zimesimama kwa mstari. Akarudi hapo tulipo, na sasa uso wake ulikuwa umebadilika.

"Adui amelala hapa," akawaambia watu wake. "Wengi. Na wako na mkubwa anayejua kazi. Angalieni, wamekunywa yote na wamepanga chupa. Sisi tungepanga chupa?" Akamgeukia Zébédée. "Wamepita wapi?"

"Chef, hawakuja."

Wakampiga. Kwa kitako cha bunduki, mgongoni, kisha mkononi, mkono ule wa kuandikia. Kila pigo aliulizwa, wamepita wapi, na kila pigo akajibu, tuliimwaga, tuliimwaga. Nikapiga magoti, nikashika buti ya mkubwa, nikamwapia kwa Yesu na kwa makaburi ya watoto wangu. Nikasema ni kweli tuliimwaga, mikono yangu hii ndiyo iliyomwaga. Akaniambia, "Mama, na weye pia?" kama mtu aliyechoka.

Zébédée akalia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo.

Na Éliézer akashuka. Sikumwita! Sikumwita mimi. Alikuja anatembea polepole kati ya nyumba, nyasi za paa zimo kichwani, mikono juu. "Chef, muache baba. Anasema kweli."

Mkubwa akampima kwa macho, mabega, miguu. Akatabasamu.

"Muliona? Walikuwa wanaficha huyu. Huyu anajua kwenye balipita. Njo atatuonyesha."

Nilimkumbatia mtoto, wakanibandua. Akaomba maji. Nikamletea kikombe, na mkubwa akamngoja anywe, hakumharakisha, nitasema hata hilo. Éliézer akanirudishia kikombe akasema, "Mama, mufunge baba mukono." Wakamtwika sanduku la risasi kichwani.

Niliwafuata mpaka njia inapoingia kwenye majani marefu. Mkubwa akageuka. Hakuwa na ukali, aliniahidi kama mtu mzima anavyomwahidi mwenzake.

"Mama, usilie. Siku tutabapata bale balikunywa, mutoto atarudi."

Vita vilikwisha, vikaja vingine. Zébédée, na mkono wake uliokauka, anakwenda kwenye kila kambi na kila treni kuuliza. Ananiambia, "Mama Éliézer, minyi nilisema kweli." Ninamwambia najua, kula, chakula kinapoa. Nikibaki peke yangu ninamwona mwanangu yuko mbele ya askari wale, sanduku kichwani, anawaongoza kwenye mbuga ile isiyo na mwisho, kuwatafuta watu ambao hawakuwepo. Mkubwa yule alitoa neno lake, atamrudisha wakipatikana.