Vikaragosi vya Baba

Niliviunguza vikaragosi vya baba, vile vya ngozi alivyovichezesha nyuma ya shuka ili vivuli vyake visimulie hadithi za ukoo wetu. Mimi ni mchonga sanamu. Nilivifunika kwa udongo, nikavitia tanuruni, ngozi ikateketea, nikamimina shaba kwenye uwazi uliobaki. Nilidhani atafurahi.

Siku ya maonyesho baba alikinyanyua kimoja mbele ya taa.

"Kizito hiki, mwanangu. Mkono wangu utakichezesha vipi?"

"Lakini hakitaoza, baba."

"Hata mimi ukinimwagia shaba sitaoza."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nilipata jina. Viliteketea vikaragosi kumi na kimoja, hadithi zake hazikuchezwa tena, na kwa miaka sita aliyobakiza, baba hakukanyaga karakana yangu hata mara moja.