Mikono Juu kwa Ustadhi Shawkat

Nilichemsha chai katika sekondari ya wasichana pale Damanhur mpaka nikastaafu, na nakwambia hakuna darasa lililowahi kuwa kimya kama la Ustadhi Shawkat wa jiografia. Nzi akiingia mle alikuwa haruki, anatembea kwa miguu. Ustadhi aliandika ubaoni, wasichana wakanakili, kengele ikalia. Anayetaka kuelewa alichonakili aende jioni kwenye tuisheni, sebuleni kwa Ustadhi, na asiende mikono mitupu. Kwa hiyo swali la asubuhi alilichukia kama muuza maji anavyoichukia mvua.

Ndipo chuo kikatuletea Rawya, binti mwembamba aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Wasichana wakamwita Abla, kama walimu wote wa kike. Ustadhi akamwachia kidato cha pili ili yeye apumzishe magoti. Siku za mwanzo Abla aliuliza maswali, nayo yakamrudia yalivyokwenda. Basi akabuni ujanja: akawa anakosea kwa makusudi. Akachora mto Nile ukitoka baharini Iskandaria na kupanda kwenda Sudan, akasimama kando, uso mkavu, akangoja. Kimya kilikolea hadi nikasikia birika langu linavyopoa. Mwishowe Esmat, msichana wa dawati la nyuma ambaye nadhani hata mama yake alizungumza naye kwa ishara, akasema, "Abla, maji hayapandi mlima."

Abla akampa chaki. Tangu hapo kila somo Abla aliiharibu dunia na wasichana wakaitengeneza. Hata asiyejua alijibu, maana jibu la ovyo lilipokewa kwa heshima ileile, likageuzwa huku na huku mpaka likanyooka. Kelele za darasa lile ziliwahamisha njiwa wa msikiti wa jirani. Na sebule ya Ustadhi, jioni, ikabaki na viti vyake.

Ustadhi hakumwita pembeni. Aliingia katikati ya somo, akafuta ubao wote, akasema, "Binti, umekuja kujifunza ualimu au kunadi samaki?" Akamtaka awaombe wasichana radhi kwa kuwapotezea muda, palepale, kwa sauti. Abla akaomba. Kisha Ustadhi akamgeukia Esmat: "Na wewe, rudi kwenye ububu wako. Ulikupendeza." Ofisini akawatangazia walimu wote kwamba ripoti ya mazoezi ataiandika yeye, na huyu binti atafeli, atarudia mwaka.

Nilimpelekea Abla chai. Hakuwa akilia. Alikuwa na tabasamu la paka aliyeona dirisha la jikoni limeachwa wazi, nikajua kuna mtu atalia, na si yeye.

Haukupita muda tukaambiwa mkaguzi anakuja. Ustadhi alikuwa anakimezea mate cheo cha mkuu wa jiografia wa wilaya nzima, na kwa wakaguzi alikuwa na dawa yake ya zamani. Swali likiulizwa, darasa zima linanyanyua mikono: anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto, naye anachagua wa kulia tu. Mkaguzi huona msitu wa mikono, hunywa chai yangu, huondoka ameridhika. Lakini safari hii wasichana walikuwa wamemnunia. Akamwagiza Abla awazoeshe yeye, kwa kuwa wanampenda. Hapo ndipo mzee alipojichinja kwa kisu chake.

Abla akafunga mlango. Sikio langu lilikuwa upande wa pili wa mlango huo.

"Anayejua," alisema, "anyanyue wa kushoto."

"Na asiyejua, Abla?" Esmat akauliza.

"Wa kulia. Juu kabisa, kama anayesimamisha teksi mvua ikinyesha."

Siku ikafika. Mkaguzi akalipakata tumbo lake kwenye kiti cha nyuma. Ustadhi, na tai mpya shingoni, akauliza Mfereji wa Suez unaunganisha bahari gani. Mikono iliruka hadi feni ya dari ikayumba. Akachagua wa kulia.

"Unaunganisha Nile na Uturuki, Ustadhi."

Akacheka kidogo, akachagua wa kulia mwingine: mji mkuu wa Sudan ukawa Beirut. Wa tatu akaihamishia Sahara Ufaransa, bila haya, kwa sauti safi. Jasho lilimshuka Ustadhi likaacha dimbwi. Nililipiga deki mwenyewe.

"Hawa wameharibiwa na huyu mwanachuo," akamwambia mkaguzi. "Muhula mzima walikuwa kwake."

Mkaguzi akamtazama Rawya. "Basi simama wewe, binti yangu, tuone ulichoharibu."

Abla akauliza maswali yaleyale. Mikono ileile ikapanda. Yeye akachagua ya kushoto, mmoja baada ya mwingine, na bahari zikarudi mahali pake, Sahara ikarudi Afrika, na Esmat akaueleza mfereji utadhani aliuchimba yeye.

Ustadhi akaelewa. Akapiga hatua kumwendea mkaguzi, akairudisha. Angesema nini? Kwamba mikono imegeuzwa? Angeulizwa mikono hiyo ilikuwa ikipangwa na nani, na tangu lini.

"Naona Ustadhi ana neno," Abla akasema taratibu. "Anyanyue mkono tu. Wowote."

Mkaguzi alicheka mpaka kiti kikalia. Kisha akakoma kucheka, akasema cheo kitafutiwe mtu mwingine, na ripoti ya binti iandikwe sasa hivi, mbele yake, kama alivyojionea. Ustadhi akaandika kama mtu anayeng'olewa jino kwa kila neno. Alipomaliza akamnyooshea Abla karatasi bila kumtazama. Abla hakuipokea.

"Naomba alisomee darasa," akamwambia mkaguzi. "Aliponikaripia walikuwepo wote."

Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali. Ustadhi akaanza kusoma, sifa za yule binti akizinong'ona ndani ya tai yake.

Esmat hakunyanyua mkono wowote.

"Kwa sauti, Ustadhi," alisema. "Huku nyuma hatusikii."