Mgeni Aliyekataa Kula

Aurelia alishuka Mbinga saa tatu asubuhi, mwaka tisini na tatu, akiwa na siku mbili tu za kukaa na woga wa miaka minane moyoni. Baba yake, fundi cherehani Wendelin, alikuwa amemtumia salamu kwa dereva wa lori la kahawa: "Mwambie aje tusameheane." Hawakuwa wamesemezana tangu binti alipotorokea Dar es Salaam. Basi angekwenda kwake moja kwa moja, si ndiyo? Thubutu! Alipanga chumba gesti, akaoga, akaanza kuzurura kama mtalii katika mtaa wa zamani aliokulia, eti anatafuta maneno ya kuanzia.

Mtaa ulikuwa umegeuka. Duka la ushirika, alikopanga foleni ya sabuni utotoni, sasa lilijaa mitumba na mabeseni ya plastiki. Ghala la kahawa lilikuwa na kibao cha mnunuzi binafsi. Nyumba za matofali mabichi zilikuwepo bado, naye akawa anagusa kila mlango alioukumbuka. Alipofika barazani kwa baba yake, cherehani haikuwepo, na chumba kimefungwa kufuli. Akajituliza: labda yuko shambani Kitura, atarudi jioni.

"Shikamoo, Mzee Othmar," alimwamkia fundi viatu wa baraza ileile. "Baba yuko wapi?"

Mzee akainamisha kichwa. "Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali. Pita ndani, mama akupikie ugali, ule kwanza."

"Nimeshakula, mzee. Nina haraka."

Haraka gani, na ndiye huyohuyo aliyekuwa akipapasa milango saa nzima? Akavuka barabara kwa Mama Marselina, mwenye mgahawa, akauliza vilevile. Naye akamvutia kiti, akampakulia maharage. "Kaa ule, mwanangu, ndipo tuzungumze." Aurelia akacheka, akasema watu wa kwao hawajaacha ukarimu, akaondoka. Nyumba ya tatu, hivyohivyo. Dar ilikuwa imemsahaulisha kwamba huku kwetu mgeni wa safari hapewi habari nzito na njaa tumboni. Hulishwa kwanza, halafu mtu mzima akamshika mkono na kumweleza. Ukiona kila mlango unakukazania chakula, jua kuna jambo.

Na wale watu nao, Mungu awasamehe! Walijua mazishi ni saa nane, Kitura, lakini kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kumchoma mtoto moyo. Walimtazama akikatiza mitaa, wakajisemea atakula kwa jirani.

Saa tisa njaa ikamrudisha mgahawani. Alipokwisha kula na kunawa, Mama Marselina akamshika mikono yote miwili. "Baba yako ametutoka juzi, mwanangu."

"Nipelekeni nikamwone!"

"Wamekwisha kumzika."

Alilia mpaka sauti ikakauka. Saa kumi na moja lori la waombolezaji likarudi kutoka Kitura, majembe nyuma, na shangazi yake Bonifasia akashuka, kanga imejaa udongo. Wakakumbatiana.

"Tulikungoja, Aurelia. Padri alitukemea, tukamwomba atupe nusu saa nyingine. Umeingia lini?"

Alitaka kusema sasa hivi. Ulimi ukagoma.

"Saa tatu asubuhi, shangazi."

Bonifasia akamwachia taratibu, akarudi nyuma hatua moja.

"Saa tatu," alisema, "jeneza lilikuwa bado wazi."

Aurelia akakaa chini palepale barabarani.