Nafasi ya Kwanza Winnipeg

Simu ya Rhealyn huingia Jumapili baada ya misa ya asubuhi. Wakati huo Winnipeg, Kanada, bado ni Jumamosi jioni, na Rhealyn anakuwa ameshavaa sare yake, anasubiri basi la kumpeleka kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya usiku. Mama yake, Nang Feling, hubadilisha nguo za kanisani haraka, akavuta kiti mezani, akaweka simu mbele yake na karatasi pembeni.

"Haya, Inday," husema, kwa jina analombembelezea binti yake tangu utotoni. "Nitafutie hablon ya Miagao."

Rhealyn huandika maneno hayo kwenye simu yake, akatafuta, kisha akamsomea mama yake tovuti yao imetokea nafasi ya ngapi kwenye orodha. Halafu wanakwenda kwenye maneno mengine: sketi ya patadyong ya kufumwa kwa mkono, zawadi kutoka Iloilo, shali ya harusi ya Kifilipino. Mama anaandika, binti anasoma, na robo saa inapita hivyo bila mtu kuhangaika atasema nini.

Tovuti yenyewe ni ya kina mama wafumaji wa Miagao, mji mdogo wa Iloilo, Ufilipino. Nang Feling alifuma hablon, kitambaa cha asili cha huko, miaka mingi, mpaka macho yakakataa kufuata nyuzi, na kwa kuwa aliwahi kuwa karani wa shule, wenzake wakamkabidhi kompyuta. Alijifunza polepole. Alijua kwamba anayetafuta akiwa Miagao huonyeshwa vya Miagao, na aliye Kanada huonyeshwa vingine. Wanunuzi wao wakubwa walikuwa watoto wa Iloilo waliotawanyika duniani, kwa hiyo alihitaji jicho la mtu aliye huko. Ndivyo alivyomwomba Rhealyn.

Hiyo ndiyo sababu aliyompa. Sababu nyingine hakumwambia mtu. Baada ya baba yake Rhealyn kufariki, walilia pamoja kwenye simu mpaka machozi yakawaishia, na baada ya hapo hawakujua waseme nini. Simu zikawa fupi. Zikawa za mara moja kwa wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Namba ndizo zilizoirudisha simu ya kila Jumapili.

Basi siku moja Nang Meding, mwenyekiti wa wafumaji, akaja na bakuli la mbaazi zilizopikwa na nyama ya nguruwe na fenesi changa. Ndiye aliyemsimamia Rhealyn ubatizo, kwa hiyo yeye na Nang Feling huitana Mare. Akaweka bakuli mezani, akafunika kwa sahani, akakaa.

"Mare, wanawake wameamua. Tununue programu ya kutuangalizia nafasi zetu. Oda za nje zimepungua na hatujui kwa nini."

"Si anatuangalizia Rhealyn?"

"Ndiyo maana. Mtoto anawahudumia wazee wa Kanada usiku kucha, halafu amhudumie na mzee wa Miagao."

"Mzee gani?"

"Basi kijana. Kula mbaazi, kijana." Nang Meding akamsogezea kijiko. "Wewe ndiye unayejua mambo haya. Jaribu zilizopo, utuambie ipi inafaa. Tunakutana mwisho wa mwezi."

Nang Feling akasema sawa. Mbaazi zilikuwa tamu, lakini alikula nusu tu.

Kesho yake akaanza kujaribu. Programu za namna hiyo ni nyingi, na nyingi hukuruhusu kuzitumia bure kwa muda ili uzizoee. Akachagua tatu. Ya kwanza ilikuwa na picha ya bundi, rangi nzuri, na michoro ya mistari inayopanda na kushuka kama milima. Ila kwa kiasi walichoweza kulipa, bundi alitazama Ufilipino peke yake. Ya pili ilikuwa ya kijani, ikamtumia barua pepe asubuhi na mchana kumkumbusha alipie, mpaka akaichoka. Ya tatu haikuwa na uzuri wowote. Ilifanana na fomu ya kodi. Lakini ungeitajia mji wowote duniani, ingetafuta kama mgeni aliyesimama katika mji huo, asiyejua kitu na asiyependelea mtu, halafu ikakuletea namba kila asubuhi.

Hakuhitaji kufikiri sana kujua ipi inafaa. Na bado, jioni hiyo, aliandika ujumbe wa kumpelekea Nang Meding: *Nimemchagua bundi. Anasomeka vizuri. Kanada tutaendelea kuangaliwa na Rhealyn.*

Hakuutuma. Alikuwa mtu wa haki hata katika mambo madogo, na hakupenda kuikataa ile ya tatu kabla ya kuipa kazi. Akaiandikia: Winnipeg. Hablon ya Miagao.

Asubuhi ikamjibu: nafasi ya thelathini na nane.

Nang Feling akachukua karatasi ya Jumapili. Rhealyn alikuwa amemsomea: ya kwanza. Jumapili ya kabla yake, ya kwanza. Akajikuta anatabasamu. Programu haijui kitu. Akaona amepata sababu nzuri ya kuikataa, tena sababu ya kweli.

Lakini haki yake ikamsumbua tena. Akarudi kwenye ile ya kijani, iliyokuwa imebakiza siku chache za bure, akaipa swali lilelile. Ikajibu: thelathini na saba.

Ni vigumu wageni wawili wasiojuana waje na uongo unaolingana.

Basi aliyebaki ni Rhealyn. Nang Feling akakumbuka jinsi binti yake alivyosoma siku hizi, haraka haraka: ya kwanza, Ma, ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Huenda hatafuti kabisa. Huenda ameshika simu sikioni, anafunga kamba za viatu, na anataja namba yoyote itakayomridhisha mama ili basi likija awe amemaliza. Hakumkasirikia. Mtoto amechoka, alijiambia, na amechagua namba nzuri, hakutaka kunivunja moyo. Lakini nyumba ilikuwa kubwa siku zile. Alifagia vyumba ambavyo havikuwa na mtu wa kuvichafua. Alipika chungu kidogo na bado chakula kikabaki.

Nang Meding alipita Alhamisi. "Umepata jibu, Mare?"

"Bado."

"Programu zinakusumbua?"

"Kidogo."

Nang Meding akamtazama, kisha akaangalia pembeni. Alikwenda jikoni, akaosha vyombo vilivyokuwa vimelala tangu jana, akavipanga kwenye kichanja, akaaga. Alipofika mlangoni alisema, "Wala haraka hakuna. Hata tukikosa programu, kuku wangu hawatakufa." Nang Feling alishukuru kwamba hakuulizwa.

Jumapili simu ikaingia saa yake ileile.

"Haya, Ma, niko tayari. Hablon ya Miagao. Ya kwanza."

"Ya kwanza?"

"Juu kabisa, Ma. Andika."

Nang Feling hakuandika. "Inday, unatafuta kweli?"

"Una maana gani?"

"Ukichoka, sema tu. Sitaumia. Programu mbili zinasema tuko thelathini na kitu huko kwenu. Nimedhani labda unanitajia tu."

Aliisikia pumzi ya binti yake, ya mtu anayetaka kujibu na anajizuia.

"Kwa hiyo unaiamini programu kuliko mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyohivyo. Ngoja, nakutumia picha."

Picha ikafika. Nang Feling akaisogeza karibu na macho, akaivuta ikakua. Maneno ndiyo yale, saa ya juu ni ya Winnipeg, na pale juu kabisa, kabla ya mtu mwingine yeyote, ilikuwa tovuti yao. Nafasi ya kwanza. Mtoto hakusema uongo hata siku moja.

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. "Nisamehe, Inday."

"Si kitu."

"Nisamehe. Nimekosa."

"Nimesema si kitu, Ma. Sasa programu zimekosea wapi?"

Hapo ndipo Nang Feling akaitazama ile picha kwa jicho la kazi, na akaitambua. Kompyuta yake mwenyewe ilimfanyia vivyo hivyo zamani, ndiyo maana siku zote alitafuta kwa kufungua dirisha la faragha, lile ambalo halikumbuki jana ulifungua nini.

"Hebu fanya kitu," akasema. Akamwelekeza abonyeze wapi. "Sasa tafuta tena."

"Natafuta. Duka la Manila... mtu wa Cebu... Ma, hatupo. Ukurasa wa pili hatupo." Akaendelea kushuka. "Wa tatu hatupo. Hii hapa. Ukurasa wa nne. Simu yangu ina nini?"

"Simu yako ni nzima. Simu humwekea mtu mbele kile anachokifungua mara kwa mara. Yangu ni hivyohivyo, kwa kuwa nashinda kwenye tovuti yetu. Sikukuambia kwa sababu nilidhani wewe unaifungua Jumapili tu, tukiwa pamoja."

Nyuma ya Rhealyn gari zito likapita, sauti ya matairi kwenye theluji iliyoloa.

"Unaifungua lini, Inday?"

"Kazini. Wakati wa mapumziko."

"Kila siku?"

"Nikipata nafasi. Ndiyo. Kila siku."

"Unaangalia nini? Vitambaa ni vilevile."

"Ile video ya kufua," Rhealyn akasema, taratibu, kama anayekiri kitu cha kitoto. "Ulivyokaa na beseni unawafundisha wateja wasikamue kitambaa. Unasema, mwenye hasira akakamue kitu kingine. Halafu katikati unageuka unamwambia Tita Meding awaondoe kuku wake. Mlisahau kuikata hiyo. Hapo ndipo napapenda."

Nang Feling akashika ukingo wa meza. "Si ungenipigia?"

"Ningekupigia niseme nini, Ma? Katikati ya wiki sina namba za kukusomea."

Alitaka kumjibu. Alikuwa na maneno, tena mengi mno. Na basi likawa limefika. Alisikia mlango wake ukipumua.

"Naenda, Ma."

"Vaa kofia."

"Nimevaa."

Simu ikakatika. Karatasi ilikuwa tupu. Nang Feling akakaa pale mpaka jua likaiacha meza, kisha akafungua kompyuta, akaufuta ule ujumbe wa bundi, akaandika mwingine. *Chukueni ile mbaya ya sura. Inaona kila mji na haimpendelei mtu. Winnipeg tuko ukurasa wa nne, Mare. Ndiyo maana oda haziji. Namba nilizowapa za Kanada hazikuwa sahihi, na kosa ni langu, si la mtoto.*

Safari hii akautuma bila kuusoma mara mbili. Nang Meding hakujibu kwa maandishi. Alikuja mwenyewe, akihema kwa kupanda ngazi.

"Ukurasa wa nne. Kumbe siku zote dukani tuna mteja mmoja, Rhealyn."

"Naye hanunui."

"Umemlea vibaya." Nang Meding akacheka, kisha akakoma. "Sasa hatutamhitaji tena kutusomea?"

"Hapana. Kila asubuhi namba zitakuja zenyewe."

"Na Jumapili?"

Nang Feling akainua mabega. Mwenzake akamshika mkono, akaushika kwa muda, akasema atawaambia wanawake kwamba kazi imefanyika vizuri.

Jumatatu namba zikaja zenyewe. Jumanne pia. Zilikuwa sahihi, na hakukuwa na mtu ndani yake. Jumatano usiku Nang Feling alikula, akafunga milango, akahesabu saa kwa vidole mpaka akajua kwamba huko kumekucha na Rhealyn ameshatoka kazini. Akachukua simu, akaiweka chini. Akaichukua tena. Tangu binti yake aondoke, kupiga ilikuwa kazi ya binti. Yeye kazi yake ilikuwa kungoja, asije akamkatiza usingizi.

Akapiga.

"Ma? Kuna nini?" Sauti ilikuwa ya hofu. "Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekupigia tu."

"Programu imeharibika?"

"Inafanya kazi vizuri sana. Haihitaji chochote."

Rhealyn akanyamaza. Nang Feling naye akanyamaza, na ukimya ule ukawa mrefu, wa namna ileile iliyowahi kuwatenganisha. Akafikiri aseme usiku mwema.

"Sasa tunazungumza nini, Ma?" Rhealyn akauliza.

"Sijui, Inday."

"Hata mimi sijui." Akacheka kidogo, kicheko cha uchovu. "Nimetoka kuinjika birika. Usikate."

"Sikati."

Nyayo zikaenda na kurudi. Kikombe kikagusa meza. Huko mbali birika likaanza kunguruma, kwanza chinichini, na mama na binti wakalisikiliza, kila mmoja jikoni kwake, mpaka likachemka.