Jina la Mayige

Majaji wa televisheni nao wana mambo! Veronica aliimba vizuri tangu usaili wa Mwanza, sauti imetulia, watu wanapiga makofi, lakini yule jaji anayevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi akatikisa kichwa. "Unaimba kama wote," akamwambia. "Wewe ni Msukuma wa Simiyu, asili yako iko wapi? Wiki ijayo tuletee kitu cha kwenu, kitu kinachouma." Asili! Utadhani ni karanga za kupimiwa kwenye kikombe. Mtoto wa watu akarudi kambini kwa washiriki analia, maana wiki ijayo ndiyo ya mchujo, na kurudi Zagayu kupalilia pamba baada ya kuonwa na nchi nzima ni aibu ambayo hakuitaka hata kidogo.

Kitu kinachouma alikuwa nacho. Baba yake, Mayige, alizama ziwani kule Kalemela akivua, na mwili haukuonekana. Katika ukoo wao mtu aliyefia mbali haachwi huko. Bibi Klementina, mama yake Mayige, alisimama ufukweni akamwita mwanawe kwa wimbo, akamrudisha kwa wimbo huohuo mpaka Zagayu, na kila njia panda alilitaja jina lake asije akapotea. Veronica alikuwa mgongoni kwa bibi, mtoto wa kubebwa. Mlangoni ndugu wakaitikia, "Amefika," uji wa ulezi ukamwagwa kizingitini, yakaisha. Tangu hapo bibi alikuwa na sharti moja tu. "Wimbo imba upendavyo, hata shambani. Jina la baba yako usilitie. Amelala. Ukimwita ataamka."

Veronica akalitia. Mazoezini alijaribu kuimba bila jina, wimbo ukawa mkavu, hauendi popote. Basi siku ya mchujo, mbele ya kamera, akaita, "Mayige, twende nyumbani." Jaji akavua miwani, akajifuta macho. "Hii sasa ndiyo Afrika," akasema, naye hata Itilima, wilaya ya kina Veronica, hajui iko upande gani.

Wimbo ukashika. Vijana wa bodaboda pale Bariadi wakaufanya mlio wa simu. Saluni, baa, stendi, kila mahali Mayige anaitwa. Shangazi Sayi, anayeishi na bibi, akapiga simu kambini.

"Huku hakukaliki, Vero. Mchana kweupe mlango unagongwa. Mama anaacha chakula, anafungua, hakuna mtu, ila kizingiti kimelowa. Akishafunga tu, redio ya jirani inaupiga wimbo wako, anagongewa tena. Amekonda, mama yangu."

"Shangazi, huo si uzee tu?"

"Uzee unalowesha kizingiti? Na kiangazi chote hiki?"

Veronica akaomba kuongea na bibi. "Mwadila, mayu," akasalimu kwa adabu ya nyumbani.

"Mwanangu hajui aende wapi," bibi akasema. "Anaitwa Mwanza, anaitwa Dar, anaitwa kwenye mabaa. Mwache apumzike, mjukuu wangu. Nakuomba."

Moyo ulimwuma Veronica, ulimwuma kweli, akaapa hatalitamka tena jina lile. Na tumtendee haki: hakulitamka. Fainali ilifanyika Dar, alasiri, na waandaaji walishikilia wimbo uwe uleule. Sawa, akasema. Ila mahali pa jina angefumba mdomo, ngoma ipige peke yake, iishie hapo. Alijiona mjanja, masikini.

Akaanza. Akafika mahali pake, akafumba mdomo. Loo! Wale watu walikuwa wanaujua wimbo wote kwa moyo. Ukumbi mzima ukaita, "Mayige!" Veronica akapunga mikono, hapana, hapana, nyamazeni. Wakadhani anawachochea, wakapandisha sauti. Akapiga magoti akiwasihi kwa machozi, kamera ikamsogelea usoni, na majaji wakasimama wanashangilia. Akatangazwa mshindi akiwa bado yuko chini.

Nyuma ya jukwaa, watu wakigombea kumkumbatia, simu yake ikaita. Alikuwa bibi, na sauti yake ilikuwa imetulia.

"Leo nimefungua nikamkuta," bibi akasema. "Amesimama hapa mlangoni, maji yanamchuruzika."

"Bibi, jamani. Mkaribishe ndani. Mmwagieni uji, mwitikieni."

"Tumemwagia. Tumeitikia wote. Hakuingia. Alikuwa anamwulizia aliyemwita. Nikamdanganya kwamba ni mimi, akakataa, anasema sauti ya binti yake anaijua."

"Sasa yuko wapi?"

"Ameshaondoka, Vero. Anakuja huko kwako."